Divai, Pombe ya Ngazi na Maumivu ya Kichwa

Kila baada ya harusi, hapa Baraka kama kule Fizi, tunasikia neno moja: «Ile divai ilikuwa mbaya, kichwa inaniuma.» Divai inashitakiwa, kesho yake lutuku, kesho kutwa bia. Ndugu zetu Waislamu watatusamehe, jambo hili haliwahusu. Lakini sisi wengine inafaa tujue maumivu haya yanatoka wapi.

Miti ya ngazi ilikuwa kwenye pwani za Tanganyika tangu zamani. Burton alipopita Ubwari kwa mtumbwi mwaka 1858, akielekea Uvira, biashara ya mawese ilikuwa tayari inajulikana ziwani. Na penye ngazi pana pombe yake. Utomvu unaanza kuchacha wenyewe mara tu unapoingia kibuyuni. Masaa machache tu, umefika kama asilimia 4. Ukilala unakuwa mkali, kisha unageuka siki. Basi ilibidi inywewe siku ile ile, kibuyu kimoja watu wengi, pamoja na bugali na ndagala. Wazee nao walilewa, tusidanganyane. Lakini kinywaji chenyewe kilikuwa maji kwa sehemu kubwa, na hakikuwekeka.

Lutuku ni habari nyingine. Mapatano ya Brussels ya 1890, kisha yale ya Saint-Germain ya 1919, yalizuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na Kongo ya Wabelgiji ikafuata. Sheria ilifukuza mtungi porini, haikuuvunja. Mahindi na mihogo vikaendelea kupikwa usiku, mvuke ukipita katika bomba, na kinachofanywa kwa kujificha, nani atakipima? Lutuku inaweza kufika asilimia 40 na kupita. Angalia hesabu: bilauri ile ile uliyozoea kunywea ya ngazi, sasa ina pombe mara 10. Mkono haukubadilika, kilichobadilika ni kilichomo.

Tumboni kunatokea nini? Pombe inazuia homoni inayoambia figo zishike maji. Ndiyo maana mnywaji anatoka nje kila mara, na asubuhi mwili umekauka. Tena ini linageuza pombe kuwa asetaldehidi, sumu ambayo inabidi ivunjwe mara ya pili. Ukinywa haraka kuliko ini linavyofanya kazi, sumu inarundikana. Na usingizi wa mlevi si usingizi: anakoroma, lakini hapumziki.

Divai nyekundu ina kesi yake. Wako watu wanaumwa kichwa kwa bilauri moja tu, hata nusu saa haijapita. Wengi wanasingizia dawa ya salfa inayotiwa ili divai isiharibike, kumbe divai nyeupe kwa kawaida ina salfa zaidi. Mwaka 2023 wachunguzi wa Kalifornia walitoa wazo kwamba kosa ni la kwesetini, kitu kilichomo katika ganda la zabibu: mwilini kinazuia kuvunjwa kwa ile asetaldehidi. Wazo hilo walilitoa maabarani, kwa hiyo tulipokee hivyo. Pombe ya ngazi haina ganda la zabibu.

Basi mtu afanye nini? Ale kwanza, tena chakula cha mafuta mazuri. Anywe maji kati ya bilauri na bilauri, asichanganye ya ngazi na lutuku, aache mapema. Mwenye kuumwa na divai nyekundu aiache, hakuna aibu. Ile desturi ya vijana ya kumeza parasetamoli mingi kabla ya kulala wamelewa hatuipendi kabisa: dawa hiyo na pombe vyote vinapita katika ini moja.

Na liko jambo lisilo la kichwa tu. Pombe kali iliyopikwa vibaya au kuchanganywa na vitu vya dukani inaweza kuwa na metanoli. Mtu akiamka macho yana ukungu, anatapika na kuhema, hiyo si «kuamka na pombe». Asipewe maziwa wala asilazwe nyumbani angoje. Apelekwe hospitali saa ile ile, maana metanoli inapofusha, na inaua.