Jinsi ya kudhibiti vifaa visivyo na waya kwa kutumia kibodi pekee

KIPANYA kisichotumia waya kikiishiwa na betri katikati ya kazi, watumiaji wengi wa tarakilishi hudhani kuwa kazi nayo imekwama. Sivyo. Vifaa vingi vinavyowasiliana na tarakilishi bila waya, viwe vipaza sauti, vifaa vya masikioni, simu au kipanya chenyewe, vinaweza kuunganishwa, kukatwa na kufutwa kwa kubonyeza vitufe vya kibodi tu.

Ujuzi huu una uzito wake katika masoko ya mashambani kama vile Kasikeu, eneobunge la Kilome, kaunti ya Makueni. Tarakilishi moja ya dukani huhudumia watu wengi: huyu anawasilisha taarifa za ushuru kwa KRA, yule anaomba stakabadhi kupitia eCitizen, na mwingine anataka picha zihamishwe kutoka kwa simu yake. Simu iliyounganishwa hubaki katika orodha ya mashine hiyo hata baada ya mwenyewe kwenda zake, hadi pale itakapofutwa.

BLUETOOTH NI NINI?

Kazi ya kubuni teknolojia hii ilianza katika kampuni ya Ericsson ya Uswidi mnamo 1994, na muungano wa kampuni unaoisimamia ukaundwa 1998. Jina lake lilitokana na lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark katika karne ya 10.

Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahazi 2.4, masafa ambayo pia hutumiwa na mitambo mingi ya Wi-Fi. Vifaa vingi vidogo huwasiliana vyema katika umbali wa mita 10 hivi.

Hata hivyo, si kila kipanya kisicho na waya ni cha Bluetooth. Baadhi huja na kipokezi kidogo cha kuchomekwa kwenye tundu la USB. Hivyo havihitaji kuunganishwa, na kuzima Bluetooth hakuviathiri.

VITUFE VYA KUKUMBUKA

Katika Windows 10 na Windows 11, kitufe chenye nembo ya dirisha ndicho ufunguo wa mambo yote. Hushikiliwa, kisha kitufe cha pili kikabonyezwa.

Windows na A: hufungua kidirisha chenye swichi za Wi-Fi, Bluetooth na hali ya ndegeni. Tumia Tab na mishale kufikia swichi unayotaka, kisha ubonyeze kitufe cha nafasi kuiwasha au kuizima.

Windows na K: huonyesha skrini zinazoweza kupokea picha bila waya. Katika Windows 10 huonyesha pia vifaa vya sauti.

Windows, Ctrl na V: katika Windows 11 hukuwezesha kuchagua sauti itokee wapi, kwenye vipaza sauti vya mashine au vifaa vya masikioni.

Windows na R: hufungua kisanduku cha kuandikia amri. Andika ms-settings:bluetooth kisha ubonyeze Enter, nawe utafika moja kwa moja kwenye ukurasa wa vifaa.

Ukiwa hapo, Tab hukupeleka mbele, Shift na Tab hukurudisha nyuma, Enter huchagua na Esc huondoka. Watumiaji wasioona, ambao husomewa skrini na programu kama NVDA, hufanya kazi zao zote kwa njia hii.

Pale ambapo Tab haifiki, bonyeza Alt na Shift za kushoto pamoja na Num Lock, kisha ukubali kwa Enter. Vitufe vya tarakimu vilivyo upande wa kulia vitasogeza mshale badala ya kipanya.

USALAMA

Simu na tarakilishi zinapounganishwa, mara nyingi kila moja huonyesha nambari ya tarakimu sita. Usikubali kabla ya kuhakikisha kuwa nambari hizo zinafanana. Ombi la kuunganishwa ambalo hukulianzisha likataliwe bila kusita.

Ukurasa wa vifaa ukiwa wazi, tarakilishi huweza kuonekana na vifaa vingine vilivyo karibu. Kwa hivyo, ukimaliza ufunge kwa Alt na F4.

Mwenye duka anafaa kufungua orodha hiyo kila jioni, afikie jina la kila simu ya mteja na kuchagua "Remove device". Mteja naye asiondoke kabla ya kulifuta jina la tarakilishi hiyo kutoka kwa simu yake.

Ni muhimu pia kusasisha programu. Mnamo Septemba 2017 kampuni ya Armis ilifichua kasoro zilizoitwa BlueBorne, ambazo zilimwezesha mshambulizi aliye karibu kuingilia vifaa ambavyo Bluetooth yake imewashwa, bila mwenyewe kukubali lolote. Marekebisho yalitolewa, lakini humfaa tu aliyeyapakua. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia kikomo Oktoba 14, 2025.

TAHADHARI YA MWISHO

Iwapo kibodi yenyewe ni ya Bluetooth, usiizime Bluetooth kwa kutumia kibodi hiyo. Swichi ikishazimika, hutakuwa na kitufe cha kuiwashia tena. Kibodi ya waya ya USB, hata iliyochakaa, inapaswa kuwekwa karibu na kila tarakilishi inayotegemewa na umma.