Kamituga: kampuni iliondoka, wajibu ulibaki kwa nani?

Tarehe 11 mwezi wa tisa 2020, mvua kubwa ilinyesha Kamituga, katika Kivu ya Kusini. Maji yaliingia katika mashimo ya dhahabu na udongo ukaporomoka. Ilihofiwa kwamba watu 50 hivi walifia chini, wengi wao vijana. Familia zilipotafuta nani wa kujibu, hazikuona kampuni yoyote.

Zamani kampuni ilikuwako. MGL iliundwa mwaka 1923, wakati wa Wabelgiji, ikachimba dhahabu Kamituga. Mfanyakazi mweusi hakuwa na sauti: ruhusa ya kuunda sendika ilitoka mwaka 1946 tu. Lakini mtu alipoumia, mwajiri wake alijulikana kwa jina.

Mwaka mmoja baada ya uhuru, tarehe 29 mwezi wa sita 1961, serikali iliweka sheria ya usalama wa jamii, iliyosimamiwa na INSS, ambayo leo ni CNSS. Mchango wa ajali na magonjwa ya kazi hulipwa na mwajiri peke yake. Maana yake: mwenye kupata faida ndiye anayebeba mzigo wa hatari.

Mwaka 1976 MGL na kampuni nyingine za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Bei ya bati ilianguka mwaka 1985, kisha vita vya 1996 vikaja. Mwaka 1997 SOMINKI ilikwisha. Watu waliobaki bila mshahara waliendelea kuchimba kwa nyundo na tochi, wakisimamiwa na wenye mashimo, wanaoitwa pale ma-PDG.

Sheria haikuondoka na kampuni. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inamdai mwajiri alinde afya na uhai wa wafanyakazi wake na amjulishe mkaguzi wa kazi ajali ikitokea. Mfanyakazi naye anadaiwa kufuata maagizo ya usalama. Kwa wachimbaji wadogo, shimo lisipite mita 30, na mtoto haruhusiwi kufanya kazi machimboni. Tangu 2003 serikali ina idara ya kuwafundisha na kuwasimamia, inayoitwa leo SAEMAPE.

Tatizo ni kwamba PDG wengi hujiona kama washirika wa mchimbaji, si waajiri. Dhahabu ikipatikana wanagawana. Shimo likianguka, hasara ni ya mjane.

Jambo hili linazigusa pia familia zilizokimbia vita. Aliyeacha shamba lake hufika machimboni bila kumjua mtu, na hupewa shimo ambalo wenyeji wanaliogopa. Kabla ya kushuka, aulize mbele ya mashahidi: mwenye shimo ni nani? Miti ya kushikilia udongo iko? Nani anawatoa watu mvua ikianza? Nikiumia, nani atalipa hospitali? Mwenye shimo asiyetaka kujibu hayo juu, hatajibu wakati mtu amefukiwa chini.