Ujira wa Dalali Pale Muuzaji Anapompata Mnunuzi Mwenyewe: Historia ya Malipo Mawili, kwa Kuitazama Mtowisa, Rukwa

Swali linaloongoza insha hii ni jepesi kulitamka. Mwenye mali akiisha kumweleza dalali kuwa anauza, kisha akampata mnunuzi kwa juhudi zake mwenyewe, je, dalali anastahili malipo? Wanasheria hulichukua swali hili kuwa la mkataba. Hoja ya insha hii ni kwamba katika Tanganyika, na baadaye Tanzania, limebeba ndani yake malipo mawili yenye asili tofauti: malipo ya kumtafuta mnunuzi na malipo ya kushuhudia mauzo. Kuchanganywa kwa malipo hayo ndiko kunakomfanya muuzaji wa kijijini atoe fedha hata pale ambapo hakutafutiwa mtu. Mtowisa, kata ya Wilaya ya Sumbawanga iliyo katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo wa Lyambalyamfipa, inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mashamba yake ya mpunga yamepata bei bila kupitia kwanza historia ya majumba na kodi za mjini, ambako udalali ulizoeleka zaidi.

Neno dalali limetoka katika Kiarabu, na katika pwani ya Waswahili lilimhusu kwanza mtu wa mnada. Dalali alinadi bidhaa hadharani, akapokea bei iliyopanda kutoka kinywa hadi kinywa, na mwisho akatamka nani amenunua na kwa kiasi gani. Katika kazi hiyo kutafuta na kushuhudia hakukutengana: aliyewaita wanunuzi ndiye aliyethibitisha bei mbele ya umma. Malipo yalikuwa mamoja kwa sababu tendo lilikuwa moja.

Sheria iliyoletwa na Waingereza ilivitenganisha vitu hivyo. Amri ya Baraza la Mfalme ya mwaka 1920 iliipokea Tanganyika katika mfumo wa sheria ya Uingereza, na katika mambo ya mikataba ikatumika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, hadi nchi ilipotunga yake mwaka 1961 kwa kuifuata ileile karibu neno kwa neno. Kifungu cha 219 cha sheria ya India kilisema kwa ufupi kuwa, pasipo makubaliano maalumu, wakala hadai ujira mpaka tendo alilopewa likamilike. Katika mahakama za Uingereza kanuni hiyo ilipewa makali zaidi. Shauri la Bentall, Horsley and Baldry dhidi ya Vicary, lililoripotiwa mwaka 1931, lilihusu hasa jambo letu: mwenye nyumba alikuwa amempa wakala uwakala wa pekee, kisha akauza mwenyewe kwa mnunuzi ambaye hakuletwa na wakala huyo. Mahakama iliamua kwamba hakuvunja mkataba, kwa maana uwakala wa pekee huwazuia mawakala wengine, haumzuii mwenye mali. Miaka kumi baadaye, katika Luxor (Eastbourne) dhidi ya Cooper, shauri la majumba mawili ya sinema na ujira wa pauni 10,000, Mabwana wa Sheria walikataa kuingiza katika mkataba sharti lisilotamkwa la kumzuia mwenye mali kubadili nia. Wakala, kwa mtazamo huo, ni mtu anayebahatisha: akifanikiwa hupata kingi, asipofanikiwa hapati kitu, na hatari hiyo ni yake. Ili alipwe hata pale mwenye mali alipojiuzia, lazima mkataba useme hivyo waziwazi.

Maneno hayo yalikuwa ya watu wenye hati. Kwa mkulima wa Rukwa hayakuwa na pa kushikia, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilikwisha kuitangaza ardhi yote kuwa ya umma, na mwenyeji aliishikilia kwa mila. Uhuru haukubadili msingi huo, uliuimarisha. Katika kijitabu chake cha mwaka 1958, Mali ya Taifa, Nyerere alipinga ardhi kugeuzwa bidhaa. Mwaka 1963 umilikaji huria ukafutwa, Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawakataza viongozi kupangisha nyumba, na mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakataifishwa. Kilichoruhusiwa kupewa thamani ni maendelezo: nyumba, miti, kazi iliyofanywa juu ya ardhi. Ardhi tupu haikuwa na bei mbele ya sheria, na kisicho na bei hakina dalali, walau hadharani.

Lakini watu waliendelea kuachiana mashamba kwa fedha, na hapo ndipo shahidi alipochukua nafasi ambayo sheria ya dalali iliiacha wazi. Mzee wa kijiji, na tangu katikati ya miaka ya 1960 balozi wa nyumba kumi, aliitwa aone. Hakumtafuta mtu, alijua mpaka wa nani unaishia wapi. Alichopewa kilikuwa shukrani, na mtu hakukihesabu kwa asilimia.

Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na sheria mbili za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zilikubali kwamba ardhi ina thamani. Kwa Mtowisa uamuzi huo ulikuta mambo yamekwisha kwenda: wafugaji wakulima wa Kisukuma walikuwa wameingia katika bonde la Rukwa kwa miongo kadhaa, na majaruba yalikuwa yakitafutwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji iliipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na Mahakama ya Rufani imeshikilia kuwa kuuza ardhi ya kijiji pasipo idhini ya halmashauri hiyo hakuna nguvu. Kwa maoni yangu hapa ndipo shahidi alipogeuka mlinda lango. Desturi ya kudai asilimia kumi ya bei, inayojulikana sana katika vijiji na mitaa ya Tanzania, haitokani na idhini iliyotajwa na sheria. Kiwango chake kinafanana na kile madalali wengi wanachokitaja, na sioni kuwa kufanana huko ni bahati tu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mjane anauza jaruba ili alipe ada ya shule. Amemwambia kijana mmoja anayejulikana kwa udalali, lakini anayenunua ni shemeji yake, waliyezungumza naye msibani. Kijana anadai chake kwa sababu alikuwa wa kwanza kuambiwa. Kiongozi wa kitongoji anadai chake kwa sababu bila yeye karatasi haigongwi muhuri. Kwa kanuni ya mwaka 1872 dai la kwanza halina mguu, maana tendo halikukamilishwa na mdai. Dai la pili halijibiwi na kanuni hiyo kabisa. Anayelipa yote mawili kwa kuogopa maneno ametozwa mara mbili kwa mnunuzi aliyekuwa ndani ya ukoo, na fedha hiyo imetoka katika ada ya mtoto.

Kwa mtafiti, tatizo kubwa ni ushahidi. Mkataba wa udalali waweza kuwa wa mdomo, ilhali mkataba wa kuhamisha ardhi hutakiwa uandikwe. Na dai la ujira, likiwa deni tu, si mgogoro wa ardhi wa kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo kinachobaki katika majalada ni karatasi ya mauzo: muuzaji, mnunuzi, mipaka minne, bei, mashahidi wa kila upande na muhuri wa kijiji. Nafasi ya kuandika ni nani aliyemleta mnunuzi haimo.