Taa ya Upepo wa Tairi Ukipanda Kisii na Nyamira

Ni ya njano, yafanana na kiatu cha farasi chenye alama ya mshangao katikati. Watu wa Mombasa wenye safari za Kisii na Nyamira huniuliza kwa nini yawaka asubuhi wakiwa bara, na tairi zilitiwa upepo kabla ya kutoka.

Kwanza ujue gari lako ni la namna gani. Mengine yana sensa ndani ya rimu, kwenye valvu, yenye betri yake, nayo hutuma kipimo kwa redio. Mengine hayana kitu ndani ya tairi. Hutumia vifaa vya breki za ABS kulinganisha mzunguko wa magurudumu, kwani tairi pungufu huzunguka haraka zaidi. Haya ya pili lazima uyaweke upya kila utiapo upepo, la sivyo yatakulalamikia bure.

Sasa Kisii. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Hewa ya nje huko ni nyepesi, basi geji ya fundi huonyesha pauni 2 na nusu hivi zaidi kuliko Mombasa kwa upepo ule ule. Baridi ya alfajiri nayo hupunguza: joto likishuka nyuzi 10, yaondoka pauni moja na nusu hivi. Kwenye geji mambo hayo mawili karibu yafutane. Lakini kuna magari ambayo hukisia kila mahali ni usawa wa bahari. Sensa zao huona baridi, haziuoni mlima. Tairi lililotoka Changamwe likiwa pungufu ndilo huwasha taa, huku geji ikisema hakuna neno.

La hatari zaidi hutendeka jioni. Mtu afika na tairi zimepata moto, geji yasoma juu, amwambia fundi apunguze. Usikubali. Kesho yake tairi zikipoa zitakuwa pungufu, nawe wateremka miteremko ya Keroka kukiwa na mvua, na watoto nyuma. Fuata kipimo cha kibandiko kilicho mlangoni pa dereva, na upime kabla gari halijatembea.

Taa ikipepesa kama dakika moja kisha ikabaki, mfumo wenyewe ndio mbovu. Kenya yaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8, na betri ya sensa hudumu kati ya miaka 5 na 10, kwa hiyo usishangae. Ukinunua nyingine, angalia masafa: aghalabu magari ya Japani hutumia megahezi 315, ya Ulaya 433. Na mwambie fundi wa pancha kuna sensa kabla hajabandua tairi, huvunjika upesi.

Kuna na jambo la tairi za theluji. Huko Japani kwenye baridi kali, watu huwa na seti mbili za magurudumu, na mara nyingine gari huja na zile za theluji, pengine zisizo na sensa. Tafuta ubavuni neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji. Nimewahi kumsikia muuzaji akizisifu kwa matope ya Nyamira. Mimi sizitaki hata za bure: mpira wake ni laini, huisha haraka kwenye lami ya moto na breki hukawia kushika, na kabla hujayafikia matope hayo una zaidi ya kilomita 700 za lami.