Historia Fupi ya Kazi ya Msaidizi wa Daktari wa Meno



Halmashauri ilipotutaka tuandike habari ya historia katika taarifa hii ya mwaka, tulifikiri kwanza kuandika juu ya watu wakubwa na mambo makubwa. Baadaye tukaona kwamba habari hizo zina waandishi wengi. Kwa hiyo tumechagua kazi ambayo watu wengi huiona ndogo: kazi ya yule asimamaye kando ya daktari wa meno na kumpa vyombo. Twawaomba Wazee wasicheke kabla ya kufika mwisho, kwa maana hapana mtu katika Matete ambaye jino halijamnyima usingizi, au halitamnyima siku moja.

Tuanze nyumbani. Wazee wetu walijua habari za meno kabla daktari yeyote hajafika katika nchi hii. Katika jamii kadhaa za Abaluyia ilikuwa desturi kung'oa meno ya mbele ya taya la chini. Nao jirani zetu Wajaluo waling'oa sita. Sababu inayosimuliwa mara nyingi ni hii: mtu akishikwa na pepopunda, mataya yakafungana, basi uji na dawa vipate kupitishwa penye pengo. Wale wasemao kwamba mababu hawakufikiri juu ya afya, na walitazame pengo hilo. Tena, yeyote aliyepata kuona mtu akitolewa jino bila dawa ya ganzi ajua kwamba kazi hiyo si ya mtu mmoja. Mmoja ang'oa, na mwingine ashika kichwa. Huyo mshika kichwa ndiye babu wa kazi tunayoisimulia.

Kuhusu jino lililooza, watu wengi waliamini kwamba limeingiwa na mdudu atafunaye ndani. Wala tusidhani kwamba imani hiyo ilikuwa ya Waafrika peke yao. Watu wa Babeli ya kale waliiandika katika vigae vya udongo, nao Wazungu waliishika kwa karne nyingi, hata Mfaransa Pierre Fauchard alipoikataa katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1728. Leo yajulikana kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho hula sukari iliyobaki mdomoni na kuigeuza kuwa asidi, nayo asidi hiyo hutoboa jino. Mababu zetu walikuwa na mswaki wa mti na chakula chenye sukari kidogo, wala meno yao hayakuteseka kama yetu.

Hapa yatupasa kutaja jambo linalotugusa. Kiwanda cha Mumias kilianza kutengeneza sukari mwaka 1973, na kile cha Nzoia mwaka 1978. Kisha Kabras nako kukapata kiwanda chake. Miwa imetulipia karo, imetuezekea nyumba kwa mabati, wala hatusemi neno baya juu yake. Lakini sukari ile ile imeingia katika chai ya asubuhi, katika soda ya arusi, na katika peremende anayonunuliwa mtoto ili anyamaze. Tulilolivuna kwa mkono mmoja twalilipa kwa mwingine, penye mlango wa daktari wa meno.

Sasa tuirudie habari ya mshika kichwa. Mnamo tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji wa Boston huko Marekani, daktari wa meno aitwaye William Morton alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, akapasuliwa uvimbe wa shingoni bila kupiga kelele. Mwaka 1905 ikatangazwa dawa ya sindano iitwayo novokaini, iliyobuniwa na Mjerumani Alfred Einhorn, nayo ilitia ganzi mahali pamoja tu, mgonjwa akiwa macho. Tangu hapo haikuwa lazima tena kumshika mtu kwa nguvu. Je, mshika kichwa alipoteza kazi? La. Kazi yake ilipanda daraja: akawa mtayarishaji wa dawa, mtunzaji wa vyombo na mtulizaji wa mgonjwa.

Mwaka 1885, katika mji wa New Orleans, daktari C. Edmund Kells alimwajiri mwanamke aitwaye Malvina Cueria awe msaidizi wake, naye hutajwa kuwa wa kwanza wa kazi hiyo. Nyakati zile haikuwa heshima kwa mwanamke kuingia peke yake katika chumba cha daktari mwanamume. Alipokuwapo mwanamke mwenziwe ndani, aliweza kwenda bila kusengenywa. Mwaka 1906 daktari Alfred Fones wa Bridgeport alimfunza msaidizi wake, Irene Newman, kusafisha meno ya wagonjwa ili yasioze, na mwaka 1913 akafungua shule ya kazi hiyo. Ndipo nchi ya New Zealand ilipopiga hatua kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1921, chini ya Thomas Hunter, ilianza kuwafunza wasichana mjini Wellington kutibu meno ya watoto shuleni, kuziba na kung'oa, kwa sababu madaktari hawakutosha. Mwaka 1949 shule ya namna hiyo ikafunguliwa Penang, katika Malaya, nchi iliyotawaliwa na Waingereza kama yetu. Mwaona jinsi elimu ilivyoteremka, kutoka kwa bwana mmoja katika chumba chake, mpaka kwa binti aendaye kwa watoto walipo.

Kwetu mambo yalikwenda polepole. Wamisionari wa Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, na Mapadre wa Mill Hill wakafika Mumias mwaka 1904. Pamoja na Injili na alfabeti walikuja na dawa, na koleo la meno halikukosekana katika sanduku la daktari wa misheni. Sheria ya mwaka 1924 ilipoanzisha Mabaraza ya Wenyeji, Baraza la Kavirondo ya Kaskazini, ambalo Matete ilikuwa chini yake, lilitumia kodi ya watu wake kujenga dispensari. Ndani ya dispensari alikuwamo mtu mmoja ambaye Wazee wanamkumbuka vema: dresa. Dresa alifunga vidonda, alitoa kwinini, alichoma sindano, na mtu akija ameshika shavu, dresa huyo huyo alichukua koleo.

Mafunzo ya wasaidizi wa tiba Waafrika yalianza mwaka 1927 katika hospitali ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1901 kwa ajili ya wenyeji. Hospitali hiyo ilipewa jina la Mfalme George wa Sita mwaka 1952, na baada ya Uhuru ikapewa jina la Kenyatta. Mafunzo yale ndiyo mzizi wa Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha leo, chenye matawi katika sehemu nyingi za nchi. Lakini madaktari wa meno walikuwa wachache mno, nao walikaa mijini. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974, na wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 1978. Mwaka huo huo ilianza kutumika sheria iliyotungwa mwaka 1977 juu ya matabibu na madaktari wa meno, kwamba asiyeandikishwa asitibu. Kisha likaja daraja la afisa wa afya ya kinywa katika jamii, ambaye husoma miaka mitatu katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba, akajua kung'oa, kuziba, kusafisha na kufundisha watu. Lakini msaidizi wa kiti, yule wa kupokeza vyombo, mara nyingi hakwenda chuoni. Alichukuliwa nyumbani, akaambiwa, "Simama hapa, utazame," na kwa kutazama akajifunza.

Wazee watauliza, huyu husaidia nini hasa? Twajibu hivi. Humkaribisha mgonjwa na kumwuliza kama ana ugonjwa wa moyo, wa sukari, au kama ana mimba, ili daktari ajue. Hupanga vyombo kwa utaratibu wa kutumiwa kwao. Hunyonya mate na damu ili daktari aone. Zamani alisaga fedha, bati na shaba pamoja na zebaki katika kinu kidogo kwa mchi wake, na kuikamua zebaki iliyozidi kwa kitambaa, ili tundu la jino lizibwe. Leo zebaki yapunguzwa, na nchi nyingi zilikubaliana juu ya hilo katika mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Zaidi ya hayo yote, yeye ndiye asafishaye vyombo. Hapa ndipo tulipotaka kuwafikisha.

Sisi tuandikao maneno haya tumefanya kazi ya ukarani, na kwa muda tulikaa mlangoni pa chumba kimoja cha meno, ambacho hatutakitaja, tukiandika majina na kupokea malipo. Siku moja, siku ya soko, umeme ulikatika asubuhi. Mtambo wa kusafishia vyombo ukanyamaza. Benchi lilijaa, na mbele ya wote aliketi mzee mmoja aliyetoka mbali, shavu limevimba. Vyombo safi vikaisha. Mkubwa wa mahali pale akaagiza vilivyotumika vioshwe kwa sabuni na maji ya moto, kazi iendelee. Sisi hatukuona kosa. Tulikuwa tumekwisha pokea fedha za watu, nao walikuwa wakitutazama.

Msaidizi alikuwa binti wa miaka kama ishirini na mitatu. Alikataa. Akatia vyombo katika sufuria ya mvuke yenye kifuniko cha kubana, akaiweka juu ya jiko la gesi, akakaa kando yake akitazama saa. Watu wakanung'unika, nasi tukanung'unika pamoja nao, tena tulimwambia maneno ambayo leo hatupendi kuyarudia. Yule mzee akamwita: "Mjukuu wangu, naumia." Naye akamjibu kwa heshima, "Kuka, naona. Lakini koleo hili limetoka katika kinywa cha mtu mwingine. Nivumilie." Mzee akanyamaza. Alingoja, akang'olewa jino, akaenda zake.

Jioni tulimwuliza sababu ya ukaidi wake. Alitueleza kwamba sabuni huondoa damu ionekanayo tu; kwamba virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI huenda pamoja na damu; kwamba hata maji yachemkayo hayaui kila kijidudu, ndiyo sababu mvuke wenye kubanwa hufikishwa joto la digrii 121 kwa dakika zisizopungua 15. Kisha akasema, "Daktari akikosea, jino litavunjika. Mimi nikikosea, mtu atarudi nyumbani na ugonjwa, wala hatajua aliutoa wapi." Tulikuwa na cheti cha sekondari ukutani, na neno hilo hatukuwa tumelifikiria hata mara moja. Sisi tulihesabu wagonjwa. Yeye aliwalinda.

Ndiyo sababu ya kuandika historia hii. Tangu mshika kichwa wa zamani hadi binti yule, msaidizi amekuwa mtu wa kusimama kando, jina lake haliandikwi. Hata hivyo usalama wa mgonjwa umo mikononi mwake. Kazi ya namna hiyo haifai kupewa mtu yeyote apitaye njiani, wala haifai kudharauliwa.

Kwa hiyo twaweka mbele ya Mkutano Mkuu mambo matatu. La kwanza, tuzungumzapo juu ya msaada wa karo, tusiwakumbuke waalimu na wanasheria watarajiwa peke yao. Tumkumbuke na kijana wa kidato cha nne anayetaka kusomea afya ya kinywa. La pili, mwanachama aendapo kutibiwa jino, asione haya kuuliza: huyu ameandikishwa? na vyombo hivi vimepikwa? Swali hilo si utovu wa adabu. La tatu, na hili twawaomba hasa Mama zetu, mtoto mchanga akishikwa na homa na kuhara, asipelekwe kwa mtu wa kumchimba ufizi kwa madai kwamba ana meno ya nailoni. Desturi hii imeenea katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, nayo huua. Uvimbe ule wa ufizi ni chimbuko la jino lake mwenyewe. Likichimbwa kwa chombo kichafu mtoto hutoka damu, hupata pepopunda, na pengine hata meno ya ukubwani huharibika. Mababu waliacha pengo ili kumwokoa mwenye pepopunda. Ingekuwa aibu sisi, wenye shule na hospitali, tukilitia pengo ili kuileta.

Yule mzee wa siku ile ya soko tulimwona tena baada ya miezi michache. Hakuja kutibiwa. Alileta jogoo, akauliza yuko wapi mjukuu wake aliyemngojesha. Sisi makarani hatukuletewa kitu, na tulijua kwamba ni haki.

Wazee, ni sisi watumishi wenu.