Tope la Tabora: Jinsi TANU Ilivyoshinda kwa Maneno

Juni 1955, John Hatch wa Chama cha Labour cha Uingereza alifika Dar es Salaam kuitazama TANU, chama ambacho hakikuwa kimetimiza hata mwaka. Alipozungumza na viongozi wake aliuliza: wanawake wako wapi? Aliyesimamishwa kulijibu swali hilo alikuwa Titi binti Mohamed, mzaliwa wa mji huohuo, aliyesoma hadi darasa la nne. Watu walimjua kwa sauti yake, maana ndiye aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa Bomba, kikundi cha ngoma ya lelemama. Siasa za jukwaani zilikuwa ngeni kwake.

Kabla mwaka haujaisha, wanawake zaidi ya 5,000 walikuwa wamekata kadi za TANU.

Bibi Titi alijua pa kuanzia. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine. Kila kikundi kilikuwa na mkubwa wake anayesikilizwa, sare zake, michango yake na mahasimu wake wa kushindana nao kwa nyimbo, na ndani yake walichanganyika wanawake wa makabila mengi. Ukimpata mkubwa, umewapata wanaomfuata. Isitoshe, waraka wa serikali wa 1953 uliwazuia Waafrika walioajiriwa serikalini kujiingiza katika siasa. Karani alikuwa na kazi ya kupoteza. Muuza vitumbua au mpika pombe hakuwa na bosi wa kumtisha. Bibi Titi alizungumza na watu wake kwa lugha yao, na kipawa alichokuja nacho kutoka ngomani, cha kujua lini sauti ipande na lini waitikiaji waachiwe nafasi, kilimfaa jukwaani kuliko cheti chochote cha shule.

Serikali ya kikoloni haikuchelewa kuuona uzito wa maneno ya jukwaani. Mapema mwaka 1957 ilimpiga marufuku Julius Nyerere, rais wa TANU, kuhutubia mikutano ya hadhara. Chama hakikuwa na silaha wala jeshi, lakini mtu mmoja kusimama mbele ya umati kulitosha kumkosesha usingizi Gavana Edward Twining.

Hata hivyo, mtihani mkubwa wa ufasaha wa Nyerere haukuwa mbele ya umati uliokuja kumshangilia. Ulikuwa Tabora, Januari 1958, mbele ya wajumbe wa chama chake mwenyewe, wengi wao wakiwa wamekasirika. Serikali ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa utaratibu ulioitwa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake inaharibika. Kuandikishwa nako kulitaka elimu, cheo au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Waafrika, waliokuwa mamilioni, waliwekwa mizani moja na jamii mbili ndogo. Wajumbe wengi walifika Tabora wakitaka chama kisusie, na wengine walitaka mgomo wa nchi nzima.

Waliokuwamo mkutanoni walisimulia baadaye jinsi Nyerere alivyowachorea picha ya shamba zuri lenye rutuba, ambalo mbele yake pametanda tope. Anayelitaka shamba hana budi kukubali kuchafuka. Anayetaka kubaki msafi atabaki ng'ambo, akilitazama.

Ustadi wa mfano huo uko katika kile ulichokubali. Nyerere hakusema kura tatu ni nzuri, wala hakuwaita wenye hasira watu wasioelewa. Aliliita jambo hilo tope, kama walivyoliona wao, na kwa kufanya hivyo akawaondolea hoja yao kubwa bila kuwavunjia heshima. Baada ya hapo hoja za hesabu zilipata njia: TANU ikisusia, chama cha UTP, kilichokuwa kinaungwa mkono na serikali, kitazoa viti, na mustakabali wa nchi utaamuliwa na wengine. Ikiingia, inaweza kuwaunga mkono hata Wazungu na Waasia wanaokubaliana nayo.

Wengi walikubali, na uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Hawakuridhika wote: Zuberi Mtemvu alijitoa na kuanzisha chama chake cha African National Congress. Lakini uchaguzi uliofanyika kwa awamu mbili, 1958 na 1959, uliibomoa UTP, na walioungwa mkono na TANU, miongoni mwao Sophia Mustafa, Derek Bryceson na Lady Chesham, wakaingia Barazani. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Mwaka 1963, akiwa Rais, Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Kiini cha tamthilia hiyo ni hotuba mbili juu ya maiti moja. Brutus anawapa Warumi sababu, nao wanamkubali. Antony anawapa vitu vya kutazama, vazi lililotobolewa na visu pamoja na wosia wa marehemu, kisha anawaacha wafikie hitimisho wenyewe, na mji unawaka moto. Mtu aliyewahi kuugeuza ukumbi mzima kwa picha ya tope aliifahamu vema nguvu hiyo, pamoja na hatari yake.

Tarehe 2 Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, kuivamia Kagera, Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee. Katika desturi hiyo ya Rais kuzungumza na wazee, wao huketi mbele na taifa zima husikiliza nyuma yao. Hotuba aliisimamisha juu ya nguzo tatu tu, sababu, uwezo na nia, ambazo hata mtoto aliweza kuzishika na kuzirudia. Desturi haikuondoka naye. Rais Jakaya Kikwete aliwaita wazee wa Dar es Salaam mwaka 2010, wafanyakazi walipotishia kugoma, na akawaita tena mwaka 2012 wakati wa mgomo wa madaktari.