Mirathi ya Pipa: Nyumba za Mbege za Old Moshi

Anayepanda kutoka mji wa Moshi kuelekea Kidia hupita nyumba kadhaa za kula na kunywa asizozitambua, kwa sababu hazina bango wala meza zilizotandikwa vitambaa, na dalili yake haizidi mabenchi mawili matatu chini ya migomba, moshi wa kuni unaofuka nyuma ya jiko, na sauti za wazee ambao ni dhahiri hawana haraka ya kwenda popote. Hivi ndivyo vilabu vya mbege. Na ingawa mpita njia huvihesabu kuwa ni vibanda vya ulevi tu, vimo miongoni mwake vilivyodumu mikononi mwa aila moja kizazi baada ya kizazi, kwa njia ya mirathi iliyo ya ajabu kidogo, kama tutakavyoona.

Msomaji asichanganye Moshi mbili. Moshi ya asili ndiyo hii ya mlimani, maskani ya Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, na ambaye Harry Johnston alikuwa mgeni katika nchi yake mwaka 1884; na ndipo hapa Wajerumani walipomnyonga mwanawe, Mangi Meli, tarehe 2 Machi 1900. Reli ya kutoka Tanga ilipofika uwandani mwaka 1911, jina likashuka nayo, mji mpya ukakua kando ya stesheni, na mlima ukaachiwa jina la Old Moshi, kana kwamba uzee wake uliletwa na garimoshi. Katika zama za mamangi mbege ilikuwa ada kabla ya kuwa bidhaa: ilipelekwa kwa mangi kwa taadhima, ilitangulia posa, ililipwa kuwa faini katika mashauri ya ukoo, na aliyemkosea jirani yake alimwendea na jani la sale, na baada ya suluhu wakanywa pamoja.

Kilichoigeuza kuwa biashara ya kutegemewa, kwa maoni yangu, ni kahawa. Chama cha wakulima, KNPA, kilipoundwa mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa rais wake, na KNCU ikashika mahali pake mwaka 1933, fedha taslimu zilianza kuingia vihambani kwa kiasi kisichopata kuonekana. Lakini mbuni ulikuwa mali ya mume, na hesabu yake ilikuwa mfukoni mwa mume. Mke aliachiwa mgomba uliokuwa ukiutilia kivuli mbuni huo. Basi wanawake wakafanya lile ambalo mtu mwenye akili hufanya akipewa sehemu iliyodharauliwa: wakaivisha ndizi zao, wakazipika, wakawauzia waume, wa kwao na wa jirani, na kwa kata moja baada ya nyingine sehemu ya fedha ya kahawa ikarudi jikoni, ikawa chumvi, mafuta ya taa na karo ya shule.

Kazi yenyewe haina mzaha. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi ya udongo mwekundu, kisha huachwa katika pipa siku kadhaa zichachuke, na kitokeacho huitwa nyalu. Kando yake ulezi, ambao ndio mbege hasa na ndio ulioipa pombe jina, huroweshwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa, ukapikwa uji pamoja na maji ya magome ya msesewa, mti mchungu usio na huruma kwa ulimi. Uji ukipoa huchanganywa na nyalu iliyochujwa, na kesho yake povu hupanda lenye chembe za ulezi, ambazo mnywaji mzoefu huzipuliza kando kabla ya kupiga funda. Ulezi ukizidi, pombe huwa nzito kama chakula. Msesewa ukizidi, wateja huhama bila kuaga. Kipimo hicho hakina mizani. Mama mkwe huchovya kata, hulamba, hunyamaza kitambo, kisha humpa mkaza mwana aliye pembeni yake: “Onja, mwanangu.” Mafunzo yote ni hayo, na huchukua miaka.

Na hapa ndipo ilipo ajabu niliyoitaja. Kwa desturi ya Kichagga nyumba ya wazazi humwangukia kitinda mimba wa kiume, lakini pipa, jiko na wateja humwangukia mkewe, binti aliyetoka ukoo mwingine, pengine hata nchi ya mangi mwingine. Binti aliyezaliwa nyumbani humo, aliyekua akipepeta ulezi, huolewa akaenda zake kuonja pombe ya mama mkwe wake. Hivyo nasaba ya kilabu, ukiifuatilia kwenda nyuma, ni mnyororo wa wanawake wasio na damu moja hata tone, hali wanaume wa nyumba, wenye damu hiyo, hukaa benchini wakisubiri kumiminiwa.

Sheria ya vileo ya mwaka 1968 ilitaka leseni, na leseni zikatafutwa. Bia ya chupa ilipanda mlima, ikakaa upande mmoja wa meza bila kuifukuza kata upande wa pili. Dhoruba kubwa ilikuja mwaka 1989, mgawo wa mauzo wa mapatano ya kahawa ya dunia ulipovunjika na bei ikaporomoka. Wako wakulima waliong'oa mibuni kwa mikono yao, lakini sijasikia aliyeng'oa migomba. Vilabu viliongeza chakula: mtori, kiburu, kisusio cha mbuzi siku ya soko, hata vingine vikawa mikahawa kwa maana kamili ya neno, ila bila neno lenyewe.

Mwezi Desemba, wana wa mlima warudipo kutoka Dar es Salaam na Arusha kwa ajili ya Krismasi, magari hujipanga kwenye ukingo wa migomba. Kijana aliyezoea glasi hupewa kata, huishika kwa mikono miwili kwa hofu ya kumwaga, na mzee aliye jirani naye humsogezea mguu wa benchi na kumwambia apulize povu kwanza. Mkaza mwana amekwisha kurudi kwenye pipa, mikono imelowa hata viwikoni, akihesabu kwa macho walioketi na walio njiani.